Kata ya Jumatatu ya Pasaka

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
10 Januari 1982

Dada Blandina,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kaka Pius ni mzima pia, na hilo ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu huko nyumbani mliambiwa kwamba anaumwa na ndiyo maana harushi ndege. Haumwi. Ameniruhusu nikueleze wewe, lakini si mama.

Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, kabla sijaja huku, Kaka alikunywa pombe kali na wenzake tangu walipotoka kanisani. Jioni akachukua Land Rover ya kampuni. Unajua kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana magari hayaruhusiwi barabarani bila kibali, kwa hiyo barabara ilikuwa tupu na hakuwa na wa kumsingizia. Hapa Kariakoo alipanda juu ya ukingo, akaangusha jiko na mabirika ya muuza kahawa mmoja, Mzee Mwinyimvua. Mzee aliungua mguu. Polisi walimkuta Kaka amekaa chini anaokota vikombe.

Mahakama ilimtoza faini. Kampuni haikumfukuza, ilimsimamisha. Ila cheti chake cha afya kimezuiwa, na rubani asiye na cheti hicho ni abiria tu. Daktari anayepima marubani, anaitwa Dakta Ramadhan, amempa miezi sita asionje pombe ya aina yoyote. Tarehe 17 Mei atampima upya. Akipita, anarudi kazini. Asipopita, leseni imekwisha.

Kuna sharti jingine. Daktari anataka aje na ndugu anayeishi naye, ili amwulize maswali huyo ndugu peke yake. Bi. Zamda mwenye nyumba alikataa kusaidia. Alisema, "Nikimtolea ushahidi mpangaji mmoja, kesho wote wananipanga foleni mlangoni." Na kweli yeye si ndugu.

Kwa hiyo ni mimi. Unanijua, Dada. Shuleni nilikuwa naandika jibu sahihi kwenye daftari halafu nikiulizwa nasema sijui. Sijui kwa nini nilikubali.

Mdogo wako,
Severa


Kibosho,
24 Januari 1982

Severa,

Marahaba, mdogo wangu. Hilo la pombe nimelisikia na nimelimeza. Mama hajui na hatajua. Mwambie Pius kwamba nina hasira naye lakini zitasubiri, maana sasa ninamhitaji.

Nina posa. Ndiyo, mimi. Acha kucheka. Anaitwa Eliasi, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Uru, mpole, ana meno mazuri. Nina miaka ishirini na tisa, Severa. Niliosoma nao ushonaji hapa misheni sasa wananiletea sare za watoto wao niwashonee. Eliasi amesubiri miaka miwili hadi wazee wake wakubali kuja, kwa sababu baba yake, Mzee Benjamini, ni mtu wa kufuata utaratibu hadi unachoka.

Wanakuja Jumatatu ya Pasaka. Baba hayupo, kiti chake ni cha Pius. Utaratibu unaujua, ila wewe ulikulia shuleni kwa masista kwa hiyo nakukumbusha. Watu wa Uru wanaleta mbege. Baba mdogo Pantaleo anateka. Mwenye kiti anapokea kata ya kwanza, anainywa yote, anairudisha tupu. Hapo ndipo maneno yanaanza. Asipokunywa, wanabeba mitungi yao na kurudi kwao, na hawarudi tena.

Sasa usiniambie habari ya daktari. Mbege siyo pombe kama hiyo ya chupa. Ni ndizi na ulezi. Ni chakula. Kata moja haimleweshi hata kuku.

Msomee barua hii Pius, yote, hata hapo kwenye meno.

Dada yako,
Blandina


Kariakoo,
28 Februari 1982

Dada Blandina,

Shikamoo. Nilimsomea Kaka barua yako. Kwenye meno alicheka. Kwenye kata aliniomba barua, akaisoma tena mwenyewe. Kisha alisema, "Mwandikie kwamba nitakuja." Nikamwuliza kuhusu kata. Akasema, "Nimesema nitakuja."

Nakueleza tunavyojiandaa, ili ujue kwamba si mchezo.

Alfajiri anakimbia kutoka hapa hadi Mnazi Mmoja na kurudi. Akirudi anasimama kwa mguu mmoja uani, macho yamefumbwa, na mimi nahesabu. Watoto wa nyumba nzima nao wanasimama kwa mguu mmoja. Halafu ananyoosha mikono mbele na mimi naweka karatasi juu ya vidole vyake, kwa sababu daktari huangalia kama karatasi inatetemeka. Mwezi wa Desemba ilitetemeka. Sasa imetulia. Macho yake ni mazuri. Kinachomtia wasiwasi ni ini na presha. Ini daktari hulipapasa kwa mkono, na hakuna zoezi lake.

Wenzake wa zamani wakimwona wanamwita Padri. Mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Padri Pius! Misa saa ngapi?" Kaka akamjibu, "Saa utakayolipa deni lako." Akaendelea kutembea. Ila alipofika nyumbani alikaa muda mrefu bila kuvua viatu.

Kila jioni anakwenda kwa Mzee Mwinyimvua. Mguu umepona. Anamsaidia kubeba maji na kupuliza mkaa. Mzee akimwona anatokea pembeni huwa anawaambia wateja, "Sogezeni miguu, jamani, rubani anatua." Watu wanacheka, na Kaka anacheka nao. Sidhani kama anafurahi, lakini anaenda kila siku.

Mimi nami nafanya mazoezi. Bi. Zamda anakuwa daktari. Anavaa miwani ya marehemu mumewe, anakaa kwenye kigoda na kuniuliza, "Kaka yako hunywa?" Nasema, "Hapana." Anasema, "Unamwambia daktari au unaiambia kola ya gauni lako? Rudia!" Narudia. Jana aliniuliza, "Na umejuaje kwamba hanywi?" Nikasema, "Kwa sababu naishi naye na namwona." Akavua miwani, akasema hilo ndilo jibu.

Dada, nakuomba jambo moja. Wazee hawawezi kuambiwa kwamba daktari amemkataza?

Mdogo wako,
Severa


Kibosho,
14 Aprili 1982

Severa mpenzi,

Yamekwisha! Nakuandikia kabla hata sijaosha vyombo vyote. Ungekuwepo ungeona. Najua nauli ilitosha mtu mmoja, lakini ungekuwepo.

Ombi lako la kuwaambia wazee sikulifanyia kazi, na hukupata jibu kwa sababu hiyo. Wazee wa Uru wangeuliza alikatazwa na daktari kwa ugonjwa gani, kisha tungefika kwenye Land Rover, kisha kwenye polisi, na mimi ningebaki na cherehani yangu.

Watu wa Uru walikuja kumi na wawili. Pius alivaa koti la baba, lile la kijivu, likamkaa vizuri kuliko lilivyomkaa baba. Baba mdogo Pantaleo akachota, akampa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na akina mama, nimeshika nguzo. Pius aliangalia ile kata kwa muda. Kisha akaiinua akanywa. Yote, Severa. Hakupumzika katikati. Akaigeuza kuonyesha kwamba ni tupu, na mama akawa wa kwanza kupiga vigelegele. Mzee Benjamini akasema, "Huyu ni mwenye nyumba kweli."

Harusi ni Septemba. Mwambie Pius namshukuru. Aliondoka alfajiri, sikupata nafasi ya kumwambia vizuri. Hasira zangu nimezifuta.

Kwa daktari wala usiwe na wasiwasi. Imeshapita na mkojo.

Dada yako, mke mtarajiwa wa mwalimu,
Blandina


Kariakoo,
21 Aprili 1982

Dada Blandina,

Shikamoo na hongera. Nimefurahi.

Kaka aliporudi nilimwuliza, "Ulikunywa?" Akasema, "Sikunywa pombe." Sikumwuliza zaidi, kwa sababu barua yako ilikuwa haijafika. Sasa imefika na nimeisoma. Yeye sijamwonyesha.

Naomba unijibu jambo moja tu. Uliona inashuka kooni, au uliona kata imeinuliwa?

Severa


Kibosho,
29 Aprili 1982

Severa,

Nimeona kwa macho yangu mawili. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Watu zaidi ya thelathini waliona. Hilo swali lako sijalipenda. Ukisema hakunywa, maana yake watu wa Uru walirudishiwa kata ambayo haikunywewa, na mimi sina posa. Unaelewa unachouliza?

Pius anakuambia hakunywa kwa sababu anakuhurumia. Hataki uende kwa daktari ukiwa na mzigo. Basi mfuate yeye. Huko Dar mwambie daktari hakunywa. Huku Kibosho alikunywa. Daktari hatapanda mlima kuja kuuliza, na Mzee Benjamini hawezi kushuka Dar kumtafuta daktari. Kuna ubaya gani? Kila upande una chake, na kila mtu analala.

Umesoma hadi kidato cha nne, mdogo wangu. Usiwe mgumu kwenye jambo jepesi.

Blandina


Kariakoo,
18 Mei 1982

Dada Blandina,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu na sehemu ya mwisho ndiyo inayokuhusu, lakini naomba usome kwa mpangilio.

Jana tulikwenda kwa daktari kwa miguu. Kaka alisema basi la UDA lingempandisha presha. Tulikaa kwenye benchi peke yetu. Nilikuwa na barua zako mbili za mwisho mkobani, na nikaona siwezi kuingia mle ndani na kitu ambacho yeye hakijui. Nikampa. Alizisoma zote mbili. Hapo kwenye koti la baba alisoma polepole.

Kisha akaniambia. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka alikwenda kwa baba mdogo Pantaleo akamweleza mambo yote, polisi na daktari na tarehe 17 Mei. Baba mdogo alilia kidogo, akasema ukoo mzima una rubani mmoja tu. Asubuhi akaweka kibuyu cha togwa, isiyo na kilevi, nyuma ya mitungi ya watu wa Uru. Kata ya kwanza alichota humo. Rangi ni ile ile, na povu alilipuliza kwa mdomo. Wengine wote walikunywa mbege. Kaka alikunywa togwa.

Kwa hiyo uliona vizuri, Dada. Koo lilipanda na kushuka.

Nikamwuliza Kaka kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungejua, ungemwandikia Blandina." Ni kweli ningekuandikia. Nikamwuliza, "Sasa nimwambie nini daktari?" Akasema, "Sema unachojua." Nikamwambia ninachojua ni vitu viwili na havikai pamoja. Hapo akaitwa.

Alikaa ndani muda mrefu. Alitoka anafunga vifungo vya shati, akasema, "Ini halina neno. Karatasi haikutetemeka. Umebaki wewe."

Dakta Ramadhan ni mzee mnene, anavaa kaptula na soksi ndefu. Aliniuliza jina, nikalisema vizuri. Aliniuliza kama kaka yangu ameonja pombe tangu nianze kuishi naye. Nikasema, "Nyumbani kwetu hapa, hapana." Akasema, "Na kwingine?"

Dada, nilinyamaza. Alisubiri. Hakuniharakisha wala hakunisaidia. Bi. Zamda hakuwahi kufanya hivyo kwenye mazoezi, yeye hawezi kukaa kimya. Mwishowe nikamwambia yote. Nikasema dada yangu ameandika kwamba alimwona akinywa kata ya mbege siku ya posa, na kaka anasema ilikuwa togwa, na mimi sikuwepo.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Kwa hiyo mlimani amekunywa, na mjini hakunywa."

Nikasema, "Ndiyo, daktari."

"Na wewe unasadiki lipi?"

"Nasadiki togwa. Lakini sikuonja."

Alicheka, lakini hakuandika kitu. Akamwita Kaka ndani, akatuambia sote wawili kwamba mwili umepita. Ila mtu aliyepewa miezi sita asionje, ikisemekana ameonja, faili haliwezi kufungwa kwa kusadiki. Anataka maelezo ya aliyeteka, kwa maandishi na dole gumba lake, kabla ya katikati ya Juni. Bila hayo cheti hakitoki.

Kaka hakunilaumu njiani. Tulipofika Msimbazi alininunulia muwa.

Sasa sehemu yako. Baba mdogo hajui kuandika. Barua zake zote anakuja kuandikiwa na wewe. Kaka alitaka nimtafutie katekista amwandikie, usijue. Nimekataa. Nimeona ni bora usikie kwangu kabla baba mdogo hajakaa mbele yako na kukuambia shika kalamu.

Najua nilichokufanyia. Ukiandika, Kaka atarudi angani na posa yako ilikuwa togwa. Usipoandika, posa ni nzima. Sitakuambia ufanye lipi.

Severa


Kariakoo,
18 Mei 1982

Blandina,

Naitia hii kwenye bahasha ya Severa. Sikumwomba anionyeshe ya kwake na yeye hakuomba yangu.

Kata ilikuwa mikononi mwangu, si mwa Pantaleo. Usimgombeze yule mzee. Nilipoiangalia, nilikuwa najua ni togwa, na bado mikono ilitaka iwe mbege. Hilo sijamwambia daktari. Nakuambia wewe.

Nilidhani nimepata njia ya kuwapa wote wawili mnachotaka. Nilikosea.

Usipoandika nitaelewa. Nitatafuta kazi ya dereva, isiyo ya Jumapili.

Pius


Kibosho,
6 Juni 1982

Severa,

Marahaba. Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka.

Wiki nzima sikuongea na mtu. Nilishona. Mama alidhani ni mambo ya bi harusi. Baba mdogo, aliyepata ujumbe wa Pius kwa mtu wa basi, alipita mara tatu barabarani akijifanya anatafuta mbuzi. Mara ya nne nikamwita mwenyewe. Akaingia, akakaa, kofia gotini. Nikachukua kalamu, nikamwambia, "Haya, sema."

Akasema, "Andika kwamba nilimtekea Pius togwa." Nikaandika.

"Andika kwamba watu wa Uru hawakujua." Nikamwambia hilo daktari hakuuliza. Akasema, "Liandike tu, mwanangu, nisije nikaambiwa nililificha." Nikaandika na hilo.

Nikampaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akabonyeza. Karatasi iko humu. Ipelekeni.

Nilipomaliza niliona siwezi kuandika kitu kama hicho halafu nikae kwenye harusi kana kwamba sikukiandika. Hiyo ni kazi yako, Severa. Sijui umeipata wapi tabia hii na sasa umeniambukiza. Nikapanda Uru kwa miguu nikamwambia Eliasi. Akasema, "Baba atakasirika," na alikasirika. Mzee Benjamini alituma watu wawili kuja kudai mitungi yao, ingawa ilikuwa tupu zamani.

Halafu akaja mwenyewe, Jumatano. Alikaa na mama na Pantaleo hadi mchana. Alimtukana Pantaleo kwa Kichaga ambacho sitakiandika. Kuhusu Pius alisema, "Kama hanywi, si aseme hanywi? Mimi mwenyewe nimekatazwa tumbaku, na nimesema." Mwishowe wameamua hivi. Tutatoa mbuzi wa kosa. Posa itarudiwa Agosti, na mbege tutapika sisi. Pius atakaa kwenye kiti, atapokea kata, atawaambia watu wote kwa nini hainywi, kisha atampa Pantaleo ainywe kwa niaba yake. Asipolisema hilo mbele ya watu, basi.

Jambo la mwisho. Mzee Benjamini aliuliza daktari wa Dar alijuaje habari za mitungi ya Uru. Ikabidi nikutaje. Nikasema ni mdogo wangu, amemaliza shule, ni msichana mwenye haya, hasemi. Akasema, "Huyo hasemi?" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akatoa sharti lake. Siku hiyo Pantaleo hateki peke yake. Wewe utakaa pembeni ya mtungi, utaonja kila kinachotekwa kabla hakijapewa mtu, na utasema kwa sauti ni nini. Neno la mtu mwingine halitaki.

Bado nina hasira nawe. Zitasubiri. Njoo na gauni la heshima.

Blandina


Kariakoo,
20 Juni 1982

Dada Blandina,

Shikamoo. Karatasi tuliipeleka siku ile ile ilipofika. Dakta Ramadhan aliisoma mara mbili, akauliza togwa inapikwaje, Kaka akamweleza, akapiga muhuri.

Alhamisi Kaka alirusha ndege kwenda Mtwara na kurudi. Jioni alikwenda kwa Mzee Mwinyimvua kama kawaida, na sare zake. Mzee alimtazama juu hadi chini, akawaambia wateja, "Leo msisogeze miguu." Kaka alibeba maji hivyo hivyo, akachafua suruali.

Anajifunza maneno atakayosema Agosti. Anayasema uani, mimi nasikiliza. Bado anayaharakisha. Bi. Zamda amevaa tena miwani na kumwuliza kama anawaambia wazee au anaiambia kola yake.

Nitakuja. Gauni ninalo, lile la mahafali. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya sauti.

Ila kuna jambo ambalo nilipaswa kulisema mapema. Wewe na Kaka mlikua na mbege. Mimi nilikuwa kwa masista, na likizo mama alinipa chai. Sijawahi kuonja mbege iliyokomaa. Naomba kabla ya siku hiyo unitekee zote mbili, moja moja, na uniambie ipi ni ipi. Kisha unitekee tena bila kuniambia.

Mdogo wako,
Severa